Usichote Tope la Chini

Kabiria
18 Aprili 2005

Mzee Shamsudin,

Habari ya huko town, na mguu je? Nilikuja mpaka dukani kwa mwanao Sadiq Jumatano, akaniambia ulianguka kwa ngazi za msikiti, umefungwa plasta mpaka kwa paja, uko huko juu umelala na hutaki mtu akuone ukiwa hivyo. Aki pole sana. Simu nayo najua hukuwa unaisikia hata ile miaka ulikuwa na miguu miwili, kwa hivyo nimenunua stampu.

Mzee, tangi imekufa. Ile tangi ya gesi ya mavi ulitujengea hapa nasari ya kanisa, ile nilisimama mbele ya kanisa nzima nikaomba kila mtu alete jiwe, imekufa. Wacha nikueleze. Unamkumbuka Waweru jirani, mwenye ng'ombe sita? Ameuza shamba, wanajenga ghorofa. Ng'ombe wameenda na mavi imeenda nao. Nikajiambia, kwani mimi si niko na kuku mia tatu wa mayai? Mavi ni mavi. Siku ile ng'ombe wa mwisho alipanda lori, mimi nikamwaga wilibaro tano za mavi ya kuku ndani ya tangi. Siku ya nne lile pipa la chuma la juu, lile huinuka gesi ikijaa, likashuka mpaka chini likakaa. Sasa ukisogea pale macho inachoma. Inanuka mkojo.

Kanyiva mpishi amerudi kwa makaa. Unajua kifua chake. Miaka miwili ya gesi hakuwa anakohoa, na sasa anapikia watoto themanini uji akiwa amejishika kwa ukuta. Na Mbugua, mwenyekiti wa kamati, amesema muhula wa tatu ukifunguliwa, tarehe tano Septemba, kama hakuna moto ataleta maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, wafukie hilo shimo kabla mtoto hajatumbukia.

Niambie nifanye nini. Kama haiwezekani pia usinifiche.

Ni mimi,
Wangeci, Mama Ciru


Biashara Street
23 Aprili 2005

Mama Ciru,

Salaam nyingi. Mguu unauma, mke wa Sadiq ananilisha uji usio na sukari, na mwadhini simsikii. Mbali na hayo sijambo.

Wilibaro tano! Ewe mama, hata mimi ungenishindilia chakula hivyo ningekwisha. Sasa nisikilize. Ndani ya tangi mna vijidudu ambavyo jicho halivioni. Wa kwanza hula mavi wakatoa siki, naam, siki hii hii ya kachumbari. Wa pili huila siki hiyo wakatoa gesi. Hao wa pili ndio tunaowataka, na ndio wenye kudeka. Mavi ya ng'ombe walishayazoea. Ya kuku yana mkojo ndani yake, maana kuku hana njia ya pili, na mkojo huo ukioza hutoa amonia. Ndiyo inayokuchoma macho. Umewatia sumu kwa ghafla.

Lakini sisemi wamekufa wote. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita katika maabara ya maji taka, nami nakwambia wamo wanaoweza kuizoea amonia. Ni wachache, na kuzaana kwao ni kwa pole sana. Wanataka miezi.

Basi fanya hivi. Wiki mbili usitie kitu. Halafu utie mkebe mmoja wa mafuta ya Kasuku uliojaa mavi ya kuku kwa siku, na maji mikebe mitatu. Baada ya wiki mbili, mikebe miwili, uende hivyo hivyo. Sabuni na dawa ya choo visikaribie pale hata kwa bahati mbaya. Nunua daftari. Kila asubuhi pima pipa limepanda inchi ngapi, na kama halikupanda andika sifuri, usione haya. Na hili ulishike kuliko yote: usichote tope la chini. Wale wachache waliokwisha kuzoea wamo humo. Ukiwatoa, unaanza tena na wageni.

Wafahamishe wenzako wote wa jikoni na wa kanisa. Nitumie kurasa za daftari, nami nipate cha kusoma.

Shamsudin


Kabiria
30 Mei 2005

Mzee,

Sifuri. Ziko kwa hizi kurasa, zihesabu mwenyewe. Samahani huo ukurasa wa pili kuku alikanyaga.

Nimefanya vile ulisema. Wiki mbili nilikaa bila kutia kitu, ilikuwa ngumu kweli, mimi siwezi kuona kitu ina njaa ninyamaze. Saa hii niko mikebe miwili. Mkojo umepungua kidogo lakini sasa kuna harufu ingine kali, ile ya siki ulisema. Mbugua hupita hapo Jumapili akitoka kanisani anafunika pua na kitambaa, kisha ananiuliza, "Mama Ciru, mgonjwa anaendeleaje?" Anacheka. Na mimi nacheka, halafu nikifika nyumbani nalia, hiyo sitakuficha.

Kanyiva alienda hospitali juzi. Wamempa dawa ya kunusa na wakamwambia aache moshi. Aache aende wapi? Ana watoto wanne.

Halafu kuna hii. Ulisema niwaambie wenzangu. Sijawaambia mambo ya vijidudu. Mzee, sisi kina mama wa gildi, kile chama cha wanawake wa kanisa, ndio tunafundisha hao watoto kuosha mikono vijidudu vife. Hata kuna wimbo. Sasa nisimame niseme mimi nafuga vijidudu kwa tangi ya kanisa na ninavilisha kwa mkebe? Watasema Wangeci amechanganyikiwa. Nimewaambia tu fundi amesema tusubiri.

Ukweli nimechoka. Tukifukia mapema si ni aibu moja tu, badala ya aibu ya kila Jumapili?

Wangeci


Biashara Street
4 Juni 2005

Mama Ciru,

Usifukie! Nimesema kwa sauti mpaka Sadiq kapanda mbio akidhani nimeanguka kitandani.

Hiyo siki uliyoinusa ni habari njema iliyovaa nguo mbovu. Maana yake wale wa kwanza wako kazini, wanakula na kutoa siki, isipokuwa hakuna wa kuila, ndiyo sababu imejaa. Wale wa zamani waliokuwa wakiila wameshindwa na amonia. Sasa hapo ndipo huingia watu wengine kabisa. Hawa huishi wawili wawili. Mmoja huivunja siki, mwenziwe hukipokea kile kinachotoka papo hapo akakigeuza gesi. Yule wa kwanza asipopokewa mzigo hukwama, na yule wa pili asipoletewa hufa njaa. Peke yake hakuna anayeweza. Na wote wawili wanaistahimili amonia. Tabu yao ni uvivu: mpaka waongezeke wakatosha kwa tangi zima, wewe na mimi tutakuwa tumeshakata tamaa mara tatu. Wewe umekata mara moja tu. Bado una mbili.

Nina kisa changu na tangi lililofukiwa mapema. Siku moja nitakwambia. Leo mguu unanipiga.

Mpe pole Kanyiva. Mwambie mzee mmoja kilema anamwombea. Kurasa zako nimezibandika ukutani mbele ya kitanda, hata ule wa kuku.

Shamsudin


Kabiria
27 Juni 2005

Mzee! Mzee! Mzee!

Imewaka!

Ijumaa asubuhi pipa ilikuwa imepanda inchi mbili. Nikadhani nimesoma rula vibaya. Jumamosi inchi tatu. Leo nne na nusu. Nikamwita Kanyiva, nikamwambia washa. Akasema, Mama Ciru wacha kunichezea. Nikamwambia washa wewe! Akapiga kiberiti, ikazima. Akapiga ingine, ikafanya fuuu, ikashika, samawati, ndogo hivi kama kidole. Tukachemsha chai vikombe viwili, mimi na yeye, tukanywa tumesimama. Hakuna mtu mwingine tuliita. Tuliogopa wakija itazima.

Niko mikebe minne sasa. Sitaongeza haraka, naapa. Nimejifunza.

Wueh, siwezi kuandika zaidi, narudi kuangalia pipa.

Wangeci


Biashara Street
1 Julai 2005

Mama Ciru,

Alhamdulillahi. Nimeisoma barua yako mara sita, ya saba nikampa Sadiq naye asome, na Sadiq si mtu wa kusoma barua.

Unajua mlichokifanya? Maabarani tulikuwa na mashine za kutoka ng'ambo na hatukuliona hili. Nyinyi mmelifanya kwa mkebe wa Kasuku. Sasa usifanye papara. Mikebe minne ibaki minne mpaka mwezi uishe. Baridi ya Julai inakuja, na vijidudu navyo husikia baridi, kwa hiyo pipa likishuka kidogo usibabaike.

Daktari amesema plasta haitoki mpaka mwisho wa Agosti, mfupa unasuasua. Nimekuwa na hasira za kitoto humu ndani, nagombana na mito. Kurasa zako ndizo zinazoniamsha asubuhi. Usinikatie.

Shamsudin


Kabiria
18 Julai 2005

Mzee Shamsudin,

Natumaini mguu unaendelea vizuri. Hapa tuko salama. Ciru amejifungua mtoto msichana huko Nyeri, nilienda kumwona, nikarudi tarehe kumi.

Tangi iko sawa. Ukurasa ndio huu. Kazi ni nyingi sana kwa hivyo sitaandika mengi.

Wangeci


Biashara Street
21 Julai 2005

Mama Ciru,

Hongera kwa mjukuu. Mola amkuze.

Sasa huu ukurasa. Nimeubandika ukutani pamoja na wenzake, nikautazama siku nzima. Inchi kumi na nne, kumi na nne na nusu, kumi na tano, kumi na tano na nusu. Kila siku nusu, mfano wa askari wa gwaride. Juma hili Nairobi nzima imejikunyata kwa baridi, chai inapoa kabla hujaketi, na pipa lako linapanda tu. Tena ukurasa wenyewe ni msafi. Tangu Aprili hujaniletea ukurasa msafi hata mmoja. Zote zina alama ya kidole, au kuku, au uji.

Sikusikii masikioni, lakini nakusoma vizuri. Kuna nini?

Shamsudin


Kabiria
26 Julai 2005

Mzee,

Umenishika. Ukurasa niliuandika kwa meza, nyumbani, siku moja, kalamu moja. Ni uongo wote.

Wacha nikueleze vile ilikuwa, na ukimaliza kusoma unaweza kunitupa.

Askofu alikuwa anakuja Jumapili tarehe kumi. Mimi nilikuwa Nyeri kwa Ciru. Jumamosi gildi ikaamua kusafisha kila mahali, si unatujua mgeni akija, hata mawe ya barabarani tunapaka chokaa. Wakafika kwa tangi. Wakasema, Mama Ciru ameteseka na hii kitu miezi yote, leo tumfanyie sapraizi. Vijana wa kwaya wakainua pipa, wakalipaka rangi ya samawati. Kina mama wakateka tope kwa ndoo tangu asubuhi mpaka saa nane, mpaka wakaona sakafu. Wakamwaga kwa mtaro. Halafu wakasugua kuta na sabuni ya omo na dawa ya choo, chupa tatu, wakajaza maji safi. Walikuwa wakiimba.

Nilifika Jumapili ibada ikiisha. Kanyiva akanishika mkono, akanipeleka, akaniambia, "Mama Ciru, hebu nusa. Hata inanukia!" Wote wamesimama wamevaa vitambaa vya gildi, wananitazama uso. Askofu akasema hajawahi kuona tangi safi hivyo. Watu wakapiga makofi. Mzee, ningefanya nini? Nilipiga makofi.

Si makosa yao. Wewe uliniambia niwaambie kila mtu, mimi nikaona haya ya vijidudu nikanyamaza. Ningesema neno moja tu mwezi wa nne, hakuna mama angegusa lile tope. Halafu nikakudanganya na wewe, uliyelala hapo unangojea kurasa. Hiyo ndiyo inaniuma kushinda tangi.

Tangu hapo natia mikebe na ni sifuri. Kanyiva amerudi kwa makaa, anakohoa, na hajui ni yeye alizima moto wake mwenyewe. Sitamwambia. Afadhali Mbugua alete maramu yake tumalize.

Nisamehe.

Wangeci


Biashara Street
2 Agosti 2005

Mama Ciru,

Barua yako niliipata Alhamisi na nikaichana. Ijumaa nikabandua kurasa zako zote ukutani. Siku nne sikutaka kusikia jina la Kabiria. Nilikasirika, tena sana, na sitaki ujidanganye kwamba sikukasirika.

Jana nikakumbuka ule ukuta ulikuwa na nini kabla ya kurasa zako. Haukuwa na kitu. Nikamwambia Sadiq anipe gundi.

Nilikuahidi kisa. Mwaka 1987 tulikuwa na tangi la majaribio, kubwa kuliko lako mara kumi, likalishwa damu na taka za machinjioni. Amonia ikalizima. Kazi yangu ilikuwa kushuka kila siku nikapime. Zilikuwa siku za masika, matope yanafika magotini na pale panavunda, nami nilikuwa kijana mwenye viatu vya ngozi. Siku thelathini sikushuka. Nilikaa ofisini nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Mkubwa wangu akaiamini karatasi yangu, likafukiwa. Miezi miwili baadaye nikapita pale baada ya mvua, na udongo wa juu ulikuwa unatoa mapovu. Lilikuwa hai, mama. Lilikuwa limeshazoea, na sisi tumelizika. Sikumwambia mtu. Hata marehemu mke wangu alikwenda bila kujua.

Kwa hivyo tuko wawili waongo wa daftari, na wangu una umri wa miaka kumi na minane.

Ukurasa ule nakurudishia ndani ya bahasha hii; usiuchane, uubandike daftarini. Chukua kalamu nyekundu uandike juu yake "uongo", na tarehe. Kisha wakalishe kina mama uwaambie kweli yote, ya vijidudu, ya mikebe na ya makofi. Kanyiva naye ana haki ya kujua kilichouzima moto wake. Na uwaulize swali moja: lile tope lilikwenda lote mtaroni? Hakuna aliyebakisha hata ndoo moja? Waulize vizuri, bila ukali.

Bado siku thelathini na nne. Nimehesabu.

Shamsudin


Kabiria
5 Agosti 2005

Mzee,

Barua hii namwachia Sadiq mkononi, posta itachelewa.

Jana Alhamisi gildi ilikutana. Niliwaambia kila kitu nimesimama. Nikafika mahali pa vijidudu nikasema, ndio, ni hivyo hivyo vya kuosha mikono, ila hivi ni vya kazi. Mmoja akaanza kucheka. Hakuna aliyemfuata. Nilipofika kwa dawa ya choo wengine wakajifunika uso na leso. Nikauliza swali lako.

Halafu Kanyiva akasimama, analia, anakohoa, huwezi kusikia anasema nini. Mzee, Kanyiva ana mitungi kumi na moja! Ile ya maji ya lita ishirini. Siku ile ya kusafisha aliona tope nzuri inaenda mtaroni, akafikiria sukuma wiki yake, akaita mtu wa mkokoteni, akaficha nyuma ya chumba chake chini ya mabati. Alidhani ni kuiba mali ya kanisa ndiyo maana hakusema. Alikuwa anangoja mvua ndiyo atumie.

Tukaenda mbio gildi nzima. Mitungi imevimba, Mzee! Imevimba tumbo, haiwezi kusimama. Mmoja kifuniko kiliruka wiki iliyopita kikagonga ukuta, majirani wakadhani ni risasi. Kanyiva amekuwa akiogopa kuigusa, alisema Mungu anamwadhibu.

Nikamkumbatia mpaka akasema namuumiza. Kuvimba si ni gesi? Niambie ni gesi.

Wangeci


Biashara Street
6 Agosti 2005

Mama Ciru,

Ni gesi! Ni gesi, wallahi ni gesi! Sadiq anakuletea hii mwenyewe kwa pikipiki, nimemfungia duka.

Wako hai, na wamekaa mwezi mzima bila chakula kipya na hawakufa. Fungueni vifuniko polepole, nje, mbali na jiko. Teka maji yote yenye dawa yaliyomo tangini, msuuze mara tatu kwa maji matupu, mpaka pua isisikie kitu. Halafu mimineni mitungi kumi. Kumi, si kumi na moja. Wa mwisho uweke chini ya kitanda chako, kifuniko kikiwa kimelegezwa, na asiuguse hata askofu. Ongezeni maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kila siku. Mkebe nusu wa mavi kwa siku, basi. Zungusha nyasi kavu na magunia nje ya kuta, baridi bado ipo.

Sasa nikwambie ukweli ili usije ukanilaumu. Huenda tarehe tano moto ukawa mdogo. Uji wa watoto themanini usiuwaze. Muombe Mungu moto wa sufuria ya chai. Na daftari lianze upya kesho asubuhi.

Mwambie Kanyiva sukuma wiki yake nitailipa mimi.

Shamsudin


Kabiria
5 Septemba 2005

Mzee wangu,

Nimekaa jikoni hapa nasari, watoto wameenda nyumbani, nakuandikia juu ya meza ya uji, kwa hivyo huu ukurasa una uji na hutaulizia.

Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu sikutaka kukuambia kitu haijakuwa. Daftari ndiyo hii, nakutumia yote. Utaona sifuri siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa robo inchi. Hapo Kanyiva alipiga magoti kwa rula akaniambia ni mimi nina macho mabaya, ni nusu. Niliandika robo. Zamu ya kulisha tuliweka kwa orodha, kina mama kumi na wanne, kila mtu na siku yake, na mkebe umefungwa kamba usiende kupima unga. Jumapili kabla ya ibada wanakuja kunusa. Wewe ungewaona na kofia zao wameinama pale! Hata ule wimbo wa kuosha mikono tumeuongezea ubeti.

Jumamosi lori ilifika. Maramu ikamwagwa pale karibu na geti, chungu kubwa, watoto wa jirani wakapanda wakaanza kuteleza. Sikulala vizuri hiyo siku na nyingine.

Leo saa mbili asubuhi kamati ikaja yote, na Mbugua mbele na koti. Hakufunika pua. Pipa ilikuwa imepanda inchi tatu. Mbugua akasema kabla ya kiberiti anataka kuona daftari, kwa sababu amesikia maneno. Nikampa. Akafungua ukurasa kwa ukurasa. Akafika pale pekundu. Akasoma kwa sauti: "Uongo. Uliandikwa na Wangeci tarehe 17 Julai." Akaniangalia. Akauliza, "Na hizi zingine zote?" Nikamwambia hizo zingine ni ukweli, ndiyo maana ni mbaya hivyo. Akaendelea kufungua mpaka mwisho, zile sifuri kumi na nane, robo, robo, nusu, inchi. Akaifunga akanirudishia na mikono miwili.

Kanyiva akapiga kiberiti. Ikashika mara ya kwanza.

Ilikuwa ndogo. Uji ulipikwa na makaa leo, sitakudanganya tena maishani. Lakini ile moto ilikaa dakika ishirini na mbili, ikachemsha sufuria ya chai ya kamati nzima, na Kanyiva alikuwa amesimama juu yake bila kukohoa. Mtu mmoja wa kamati akasema huu si moto wa kupikia shule. Mbugua akanywa chai yake, akasema, "Nilisema kama hakuna moto. Sikusema moto wa kiasi gani." Wametupa mpaka Januari. Halafu akaniuliza pole pole kama wale wadudu wangekubali na mavi ya nguruwe, kwa sababu yeye ana nguruwe. Nikamwambia kuna mtungi mmoja chini ya kitanda changu, lakini aanze na mkebe mmoja, na asichote tope la chini.

Ulisema plasta itatoka mwisho wa Agosti. Sadiq anasema imetoka na unatembea na fimbo mpaka kwa ngazi unarudi. Hapa kwetu kutoka geti mpaka kwa tangi unajua vile kuna matope na mteremko. Basi mchana huu kina mama walichukua majembe, na Mbugua akavua koti, wakasambaza ile maramu yote, kutoka geti mpaka pale pipa iko. Wameishindilia na miguu, imekuwa ngumu kabisa, hata fimbo haiwezi kuzama.

Njoo Jumamosi. Kanyiva atakuchemshia chai, na sukari nimenunua.

Wangeci